Baba ni Mgeni Nasiwe

Kisumu
9 Februari 2025

Nyaminwa Lorine, dada yangu, Nyar Kano,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo kisiwani, na shemeji yangu Laban, na watoto. Huku tu wazima, jua ndilo linatuonea. Mama Benta yuko palepale Ahero, goti linamsumbua, na bado anakataa kuja kukaa nasi. Anasema nyumba za Kisumu zimebanana hata mtu hana pa kumwaga maji ya kunawa. Mke wangu Caren anakusalimu, anauliza kama bado unaimba kwaya.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Nikikupigia naambiwa hupatikani, ukinipigia wewe salio linaisha tukiwa bado kwenye salamu. Kwenye barua hakuna wa kunikata. Dishon wa boti ya barafu ataibeba kutoka Usenge, nawe mpe yako akirudi.

Umesikia ya Gordon. Mwanangu alitoka Usenge na boti yangu kwenda kutega mbuta, askari wa doria wa huko kwenu Uganda wakamkuta, wakasema amevuka mpaka. Kwenye maji, Lorine, mpaka uko wapi? Walimpiga, wakamweka ndani, wakachukua injini. Amerudi, lakini sikio la kushoto limekufa. Ukimwita kutoka upande huo hageuki. Nikimwona hivyo hasira inanipanda hata chakula hakishuki.

Haya, tuyaache. Kaburi la Baba liko vipi? Nimekuwa nikimkumbuka sana. Mwambie Dishon akupige picha ukiwa kando ya kaburi, kwa simu yake, aniletee. Simama vizuri, uso uonekane.

Ndugu yako,
Opondo


Nasiwe
2 Machi 2025

Owadwa Opondo,

Nilisoma barua yako nikicheka peke yangu mpaka Laban akauliza nani amezaa. Sisi hatujambo. Mvua imekawia na muhogo umesinyaa, lakini omena zipo ziwani, hatulali njaa. Jentrix wetu yuko sekondari huko bara. Anakuja likizo tu, na akija ananisahihisha Kiingereza mbele ya wageni. Mwambie Caren kwaya bado naimba, ila sauti ya juu nimewaachia wasichana.

Kaka, tangu niolewe hapa hujawahi kuniuliza kaburi la Baba. Nilikuwa nimeanza kudhani mmeniachia mimi peke yangu. Basi ulipouliza, Laban alilipaka chokaa upya na mimi nikavaa gauni langu la kijani la Pasaka. Dishon aliniambia nitabasamu. Nikamwambia kwetu watu hawachekei makaburini.

Ukiiona picha utapajua mahali. Ni palepale baba mkwe wangu, Mzee Wepukhulu, alipotukatia mwaka ule wa tisini na saba. Mimi sisahau. Baba alikuwa amekuja kuunda mashua tu, nami nikimpikia, homa ikamchukua. Kwetu Ahero maji yalikuwa yameingia mpaka vitandani, Mama analala juu ya madawati ya shule, na kila shimo mlilochimba lilijaa maji. Siku hizi watu huanika omena karibu na hapo alipo, kwa hivyo Baba hana upweke.

Kuhusu Gordon nililia. Alipofungiwa kituoni hapa nilimpelekea uji kila asubuhi, na Laban akaenda kuketi mlangoni pao mpaka wakachoka naye wakamwachilia. Nadhani alikwambia. Mwambie mimi waya wake, shangazi yake, namwombea.

Dada yako,
Lorine


Kisumu
30 Machi 2025

Nyaminwa,

Nakusalimu tena kwa upendo mwingi. Mvua imeanza huku, na Mama ameshapeleka mbegu zake za mpunga juu ya dari asije akashikwa na mafuriko bila mbegu. Caren alikuwa na kikohozi, kimepoa.

Picha imetoka vizuri kabisa. Chokaa inang'aa. Watu walioiona wameipenda. Watu gani, utauliza. Watu tu, wa hapa ufuoni.

Huku kuna maneno mengi, labda redio imekufikishia. Mheshimiwa wetu, mbunge, amesema vijana wa ziwa wamepigwa vya kutosha. Anataka wanajeshi wavuke waichukue Nasiwe mara moja, asubuhi watu waamke wakute bendera yetu. Anasema hakuna risasi itakayolia, maana Uganda ni marafiki zetu, na rafiki hakupigi ukichukua kilicho chako. Mimi sijasema kitu. Mimi ni mwenyekiti wa ufuo tu, ninasikiliza.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo. Mzee Wepukhulu, Mungu amlaze pema, kisiwa hicho alipewa na nani? Kuna karatasi? Laban huwa anasemaje?

Gordon anaendelea.

Ndugu yako,
Opondo


Nasiwe
11 Mei 2025

Opondo,

Salamu kwa Mama, kwa Caren na kwa Gordon. Sisi tunapumua.

Dishon alishuka hapa juzi na mitungi ya barafu, amevaa fulana mpya nyeupe. Kifuani kuna kaburi la Baba. Kando ya kaburi kuna gauni la kijani na nusu ya uso wangu. Juu wameandika ALIKOZIKWA BABA NI KWETU. Dishon maskini hakujua, alipewa bure Kisumu akavaa. Nilimwambia aivue palepale, akafanya kazi kifua wazi mpaka jioni.

Kwa hivyo ndio "watu tu."

Nilisimama vizuri kama ulivyoniambia. Uso ukaonekana. Sasa kila mtu hapa ameuona. Mke wa jirani, ambaye tulizaa wiki moja naye, aliniuliza kama nilipopiga hiyo picha nilikuwa napima kiwanja. Laban hajaniuliza chochote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Halafu nilikuandikia kwamba Laban aliketi mlangoni pa kituo kwa ajili ya mwanao. Hukujibu hata neno moja. Ulimuuliza karatasi.

Unasema rafiki hakupigi ukichukua kilicho chako. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, watu wetu walipovuka mpaka na watoto mgongoni, hawa ndio waliofungua nyumba zao. Hapa kwangu tulilala watu wa boti tatu. Hakuna aliyeulizwa karatasi.

Sitaki barua ya maneno matamu. Niambie umewaahidi nini.

Lorine


Kisumu
1 Juni 2025

Nyaminwa Lorine,

Salamu. Sitaziremba.

Nimewaahidi kusema. Kutakuwa na kikao kikubwa mjini mwezi wa nane, mheshimiwa na wenzake wakusanye maoni ya watu wa ziwa, kisha wayapeleke Nairobi ili jeshi lipewe ruhusa. Mimi ndiye shahidi wa kwanza. Mtoto wa kwanza wa mtu aliyezikwa Nasiwe. Unajua sisi Wajaluo: mtu akitaka kujua shamba ni la nani, huonyeshwa makaburi. Hata mahakama huuliza makaburi. Hayo sikuyabuni mimi.

Unanilaumu. Lakini wewe hukai na Gordon. Hukai na kijana wa miaka ishirini na sita anayegeuza kichwa kama kuku ili asikie anaitwa. Boti yangu imelala kifudifudi Usenge. Niliandika malalamiko, chifu akaandika, wakubwa wa ufuo wakaandika. Hakuna aliyejibu kule kwa hao marafiki zako. Kwa nini nisiseme? Mnyonge akipata mwenye nguvu wa kumsemea, akatae?

Wewe hutaguswa. Nimeuliza, nimeambiwa. Wewe ni Mkenya.

Kuhusu Laban, namshukuru. Nilikuwa nimekusudia kuandika, hasira ikanitangulia.

Mama alipelekewa fulana mbili. Amezitandika kwenye kiota cha kuku anayeatamia, na akaniambia nikija Ahero nisimwamshe yule kuku. Basi naye hasemi nami vizuri.

Opondo


Nasiwe
29 Juni 2025

Owadwa,

Salamu zote zikufikie. Naandika upesi, Dishon anasema huenda asiruhusiwe kutia nanga tena. Wanajeshi wa Uganda wamekuja na mahema, wamesema wametuletea ulinzi.

Jumatano vijana wa hapa walikuja na majembe. Walitaka kumfukua Baba wamtupe ziwani, ili kule Kenya msiwe na kaburi la kuonyesha. Wengine niliwalea, Opondo. Niliwapa uji pamoja na wangu. Laban alitoka na panga lake la muhogo akakaa juu ya kaburi, akawaambia waanze na yeye. Hakupiga kelele.

Mmoja wao akaniuliza mbele ya watu: huyu baba yako ni mgeni au ni mwenye nyumba? Nikamjibu ni mgeni. Nikawaambia yaliyosemwa siku ya mazishi, kwa sababu wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Nikawaambia mtoto wa kwanza wa marehemu alisimama hapa, bado kijana, suruali imelowa mpaka magotini, akaokota udongo akasema: "Sisi ni jodak hapa, wageni tu. Tumekaribishwa. Tumemlaza mzee wetu kwa hisani yenu kwa kuwa kwetu kumejaa maji, na asije mtu wa kwetu kesho akasema udongo huu ni wake kwa sababu ya huyu." Na Mzee Wepukhulu akajibu, basi achimbiwe. Hapo ndipo jembe la kwanza lilipoingia. Si kabla.

Waliondoka. Hawakuomba radhi, waliondoka tu.

Mimi sikuombi umsahau Gordon. Rafiki akikukosea, mshike shati umpeleke mbele ya watu, dai injini yako, dai na sikio la mtoto. Lakini humvamii nyumbani kwake na bunduki ukasema ulimlaza baba yako kwa hisani yake, kwa hivyo nyumba ni yako. Mtu akifanya hivyo, nani tena atampa mgeni mahali pa kumlaza maiti wake?

Unasema sitaguswa. Hukusema Laban ataguswa au la. Hukusema wanangu, ambao ni wa baba yao. Niliisoma barua yako mara nyingi nikilitafuta jina lake mahali hapo, halimo.

Kama ni kaburi linalowasumbua, njoo umchukue Baba. Mimi nitabaki bila mtu wa kwetu hapa, na nitalia, lakini afadhali nimkose yeye kuliko nimkose Laban.

Lorine


Kisumu
17 Agosti 2025

Nyaminwa wangu Lorine,

Nakusalimu, nikiwa sijui kama utaipata barua hii. Dishon anajaribu kupitia kwa wauza samaki wa Majanji, upande wa Uganda. Caren yuko salama. Mama yuko salama, kuku wake ameangua vizuri. Gordon nitakueleza.

Barua yako ilinichukua mwezi kuipata. Nilikaa nayo. Siku mbili kabla ya kikao, wakaja nyumbani vijana wa mheshimiwa kunifundisha jinsi ya kusema. Mmoja ana suti nzuri, mpole sana, ananiita Baba. Nikaanza kumweleza jinsi Baba alivyofia Nasiwe, na Ahero ikiwa chini ya maji. Akaniambia: "Baba, hiyo story ya mafuriko tuache. Sema tu alizikwa huko kwa sababu ni kwenu." Nikamuuliza, na mume wa dada yangu mtampeleka wapi? Akasema hayo ni mambo ya operesheni. Nikamuuliza mara ya pili. Akatazama simu yake.

Lorine, mimi niliyachimba yale mashimo. Nilisimama ndani ya maji hapo nyumbani na jembe, nikachimba kwa mlango, nikachimba kando ya zizi, na kila mara ziwa linanijia kutoka chini. Nililia kama mtoto nikijua baba yangu ataoza kwenye gunia. Ndipo ile mashua ilipokuja na ujumbe wa Mzee Wepukhulu kwamba mahali pamepatikana. Halafu mtu ananiambia nisitaje mafuriko.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka dirishani, fulana nyeupe kila upande, uso wako umejaa kote. Wakaniita wa kwanza. Nikasimama, nikasema: "Waheshimiwa, hiyo kaburi ni ya baba yangu, si ya serikali. Siku tunamzika mimi ndio niliongea. Nilisema sisi ni jodak. Nilisema huyu mzee asifanye mtu wa kwetu adai hii udongo. Hayo maneno bado yako kwa mdomo yangu, siwezi tapika mengine." Nikawaambia injini yangu naitaka, na yule aliyempiga Gordon namtaka mbele ya hakimu, lakini wanajeshi wakivuka wasivuke kwa jina la baba yangu. Mtu haendi kuteka nyumba ya rafiki yake.

Ukumbi ulilipuka. "Keti chini!" "Mganda huyo!" Oduor, yule wa nyavu, akapaza sauti: "Huyu mzee amekula kwao!" Nikamwambia: "Nimekula. Wewe ukienda matanga huwa hukuli?" Watu kidogo wakacheka, na hiyo ndiyo iliyoniokoa nisipigwe hapohapo. Mheshimiwa akawa amekunja uso. Wengine walisema baada yangu, lakini walikuwa wanapiga domo tu, hakuna mwenye kaburi. Kikao kilivunjika bila azimio. Hawakusema wameacha. Wamesema watasubiri.

Uenyekiti nimenyang'anywa. Wamekutana bila mimi wakachagua mwingine. Asubuhi nikishuka ufuoni wananiita Jaganda, hata watoto. Hayo nitayazoea.

Ninalolia ni Gordon. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa fulana. Nilipomaliza akaondoka, na mpaka leo hajanisemesha. Jana nilijaribu kumweleza, akanigeuzia lile sikio la kushoto. Sijui kama hakunisikia au alichagua. Mimi ndiye baba yake, na mimi ndiye niliyekataa kisasi kilipwe kwa ajili yake. Sijutii, lakini inaniuma, nyaminwa, inaniuma sana.

Baba sitamchukua. Aliwekwa kwa maneno, na maneno bado yapo.

Mwambie Laban nimeandika jina lake hapa: Laban. Laban. Laban.

Opondo


Nasiwe
14 Septemba 2025

Owadwa mpendwa,

Barua yako imefika, imelowa ukingoni lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Muhogo umechipua tena. Jentrix alikuja likizo, akawasomea barua yako watu wote uwanjani, sauti ya juu, na safari hii hakusahihisha kitu. Alipofika pale kwa matanga, wale vijana wa majembe walicheka. Mmoja wao kesho yake aliniletea samaki wawili wa ngege, akawaacha mlangoni akakimbia kama mwizi.

Laban alilitazama jina lake mara tatu. Kisha akasema nikuulize kipimo chako cha shati, akushonee.

Wanajeshi wa huku bado wapo. Wanatulinda na wanamaliza kuku. Lakini kamanda wao alikuja kumsikiliza Laban kuhusu injini yako. Amesema turudi wiki ijayo, na ile nyingine. Tutarudi. Laban anajua kuketi mlangoni mwa watu, ulishasikia. Na kuhusu aliyempiga Gordon, Laban ametaja jina la askari huyo mbele ya kamanda, na jirani zetu wawili wamekubali kuwa mashahidi. Mwambie mwanao hilo, umwambie kwenye sikio la kulia, hata akikununia.

Nimelia kwa ajili yako, kaka. Najua unavyoupenda ufuo ule na kuitwa mwenyekiti. Najivunia kuwa dada yako, na nimelisema hilo kanisani mbele ya watu.

Laban anasema wakikuzidia huko, uje. Nyumba ipo, na jina lako hapa halitupwi tena. Njoo ule, ulale, utuambie habari za Mama. Lakini anakuomba kwa heshima zote, shemeji, ukija usije ukatufia hapa. Mjaluo mmoja aliyezikwa Nasiwe ametuletea majeshi mawili, na chokaa imetuishia.

Dada yako,
Lorine